Safari ya Kumfuata Mlevi wa Ruiru

Habari ilitufikia siku ya Ijumaa baada ya swala, kwa njia ya simu ya mkononi, kama zifikavyo habari zote siku hizi. Jirani yetu mmoja, mtu mwema asiyeweza kukaa na jambo kifuani, alitufungulia picha za video zisizozidi dakika moja. Ndani yake alionekana kijana wetu wa tatu, yule tuliyempeleka bara kusomea uhasibu, akiyumba huku na huku, shati limefunguka vifungo, chupa mkononi, akimfokea mwanamke mgonjwa aliyejikunyata kitini. Nyuma yao watu walikuwa wakicheka. Jirani hakusema neno. Aliirudisha simu mfukoni, akatuombea subira, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala. Mmoja wetu alitaka kupiga simu saa ile ile. Mwingine alishikilia kwamba jambo la namna hiyo haliulizwi kwa simu, kwani simu humpa mtu nafasi ya kutunga. Tulipompigia asubuhi tulimwambia tu kwamba twaja kumjulia hali. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Karibuni. Lakini Jumamosi nitakuwa Thika, tuna kazi." Kazi gani hakusema, nasi hatukuuliza.

Siku ya Alhamisi tulipanda treni ya asubuhi pale Miritini, ile ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Wanaosafiri nayo wanajua raha ya kuitazama Tsavo ikipita dirishani. Sisi hatukuitazama. Tulipofika Nairobi tulishuka, tukatafuta matatu ya Ruiru, tukaingia Barabara Kuu ya Thika. Barabara hiyo ilikamilika mwaka wa 2012, zama za Rais Mwai Kibaki, na katika sehemu zake pana ina njia nne za kwenda na nne za kurudi, mbali na zile za pembeni. Mgeni wa pwani akiiona mara ya kwanza hudhani kwamba watu wote wa Kenya wameamua kuhama siku moja. Tulipita Kahawa, kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, mahali palipokuwa kambi ya askari wa Kiingereza kabla ya kugeuzwa chuo. Humo, tuliambiwa baadaye, sanaa za maonyesho hufundishwa hadi kiwango cha shahada. Laiti tungelijua hivyo tukiwa ndani ya matatu, pengine tungeliomboleza zaidi.

Ruiru ni mji ambao watu wengi wa kwetu wamewahi kuonja matunda yake bila ya kujua. Hapo pana kituo cha utafiti wa kahawa, na ndipo ilipozalishwa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa hiyo huenda kahawa chungu tunywayo barazani kwa kashata ina nasaba ya Ruiru. Lakini mashamba ya mibuni yanazidi kupungua. Majumba ya kupangisha ya ghorofa tano na sita yamesimama mahali pake, nguo zimeanikwa kila roshani, na sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Ruiru umeshaupita Thika kwa wingi wa watu. Wengi wao ni wageni kama kijana wetu, wenye kwao mahali pengine.

Alikuwa akitungoja kituoni. Amekonda, kavaa kanzu, jambo lililotutia shaka zaidi, maana si Ijumaa wala Idi. Mama yake alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, na sisi wawili tulijua kwamba alikuwa akimnusa. Hakupata harufu ila ya sabuni. Kijana naye, akiwa bado kifuani mwa mamake, akasema kwa upole, "Mmeiona ile video."

Chumbani kwake, juu ya meza, ilikuwako chupa ile ile. Aliifungua akatupa tuonje. Ilikuwa chai ya rangi, isiyo na sukari.

Basi tukaelezwa. Wanafunzi wa kidato cha nne husoma tamthilia moja teule kwa ajili ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, na sasa tamthilia hiyo ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Ina mama mgonjwa, Sara. Mumewe Yona, aliyezama ulevini. Na binti yao Neema, aliyesomeshwa na ambaye sasa ndiye abebaye mzigo wa kumtibu mama. Ziko nchini Kenya kote jamii ndogo ndogo za waigizaji ambazo huichukua tamthilia kama hiyo, zikazunguka nayo mashuleni, kila mwanafunzi akalipa kiasi kidogo, na vijana wakagawana kinachosalia baada ya nauli. Kijana wetu ni mmoja wao. Yeye ndiye Yona.

Tulicheka, lakini si sana, kwa sababu tulikuwa tumemtazama usoni naye hakuwa amemaliza. Mwezi uliopita, akasema, kikundi kilialikwa shule ya mbali siku ya Jumatano, na Jumatano hiyo alikuwa na mtihani wa chuo. Alikwenda kuigiza. Mtihani ulimpita, na ili kuurudia itabidi alipe na angoje. Karo ile tuliilipa kwa kuuza kipande cha shamba la minazi. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nje, kwenye roshani ya jirani, mtoto alikuwa akilia kwa Kikuyu, kama inawezekana mtu kulia kwa lugha.

Siku ya pili, jioni, tulimfuata mazoezini. Mmoja wetu hakutaka kwenda, akaenda. Kikundi hukutana katika ukumbi wa mabati ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye ukumbi huwatoza nusu ya kodi kwa sharti kwamba wafagie. Tulikuta watu kumi na mmoja. Sara ni msusi, binti wa Gatundu. Neema ni mwalimu aliyehitimu na ambaye bado anangoja kuajiriwa. Wengine ni fundi wa pikipiki, muuza mitumba, wanafunzi wawili, na mama mmoja wa makamo ambaye haigizi bali hushona maleba na kuwapigia wenzake kelele wanapochelewa. Walituamkia "shikamoo" kwa pamoja, kwa sauti ya watu waliofundishwa neno hilo juzi. Tukaitikia "marahaba". Kisha wakaendelea na kazi yao kana kwamba hatupo, na heshima hiyo ya pili ilitupendeza kuliko ile ya kwanza.

Hapo mmoja wetu akakumbuka jambo. Miaka mingi iliyopita alikaa majira mawili ya baridi huko Uingereza, akimuuguza ndugu yake katika kijiji kimoja karibu na Southampton. Kijiji kilikuwa na kanisa, duka moja, na ukumbi wa umma wenye ubao wa matangazo: leo mnada wa vitu vikuukuu, kesho mashindano ya kuoka keki, Ijumaa mazoezi ya mchezo wa Krismasi. Mchezo wenyewe ni ule ambao mwanamume huvaa gauni akawa bibi kizee, na watazamaji humpigia mhusika kelele kwamba adui yuko nyuma yake. Mtu wa posta alikuwa mfalme. Mwenye duka alikuwa nusu ya mbele ya ng'ombe. Kila mtu alijua kwamba hawajui kuigiza, na ukumbi ulijaa pomoni. Wakati ule ndugu yetu alidhani kwamba wale ni watu wasio na kazi. Sasa, akimtazama fundi wa pikipiki akirudia sentensi moja mara tisa, mikono ingali na grisi, hakuwa na hakika tena na alichokidhani.

Walowezi wa Kiingereza walipokuja nchi hii walikuja na desturi hizo. Kule kwetu Mombasa wao na michezo yao ndio waliotuachia ule ukumbi mdogo wa Little Theatre Club, ambao wengi wetu tumepita nje yake maisha yetu yote bila ya kuingia. Lakini si kweli kwamba sisi hatukuwa na letu. Aliyewahi kuhudhuria Maulidi ya Lamu ameona mji mzima ukigawana kazi: huyu apika, huyu apiga twari, huyu ashindana mbio za punda, huyu apanga safu za wageni. Na taarabu za arusini za zamani nani asiyekumbuka vichekesho vyake vya katikati, ambapo mtu mzima mwenye heshima zake alijifunga leso akawa mama mkwe? Hakuna aliyempelekea mzazi wake habari kwamba mwanawe amegeuka mwanamke.

Mazoezi yalituteka kwa sababu ya lugha. Yule msusi alikuwa akisema "kurara" badala ya "kulala", na kila mara kijana wetu alimkatiza kwa adabu akamtamkia. Tukavimba vichwa kidogo, hatukatai. Watu wa pwani tuna maradhi hayo. Lakini haukupita muda, mwelekezi, ambaye ni mtu wa Murang'a, akamsimamisha kijana wetu mwenyewe: "Umesema 'ntakuja'. Yona si mtu wa Mji wa Kale. Sema 'nitakuja', yote, mpaka mwanafunzi wa nyuma kabisa aisikie." Kijana akasema "nitakuja". Sisi tukatazama mabati ya paa.

Baada ya mazoezi chai ililetwa, safari hii yenye maziwa na sukari, na mlinzi wa ukumbi akaketi nasi. Ni mzee wa miaka sabini na kitu. Alipojua kwamba sisi ni wazazi wa mlevi alicheka mpaka akakohoa, kisha akatusimulia. Mwaka wa 1977 alikuwa kijana, kibarua wa shamba la kahawa hapo hapo Ruiru. Zikaenea habari kwamba kule Limuru, katika kijiji cha Kamiriithu, wanakijiji wamejenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na wanaigiza mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na kuelekezwa na Kimani Gecau. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi, baadhi yao wa kiwanda cha viatu cha Bata kilichoko Limuru. Mazoezi yalifanywa hadharani, na aliyepita njia akiona kosa aliruhusiwa kulisema. Vibarua wa Ruiru walichanga fedha, wakakodi lori.

"Nilimwona mtu ninayemjua," alisema mzee. Tulidhani ana maana ya rafiki. Akatikisa kichwa. Alikuwa na maana ya mhusika: mkulima mwenye kijishamba kidogo, ambacho tajiri anakitaka.

Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali iliunyima kibali. Mwaka ukiishia, Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini takriban mwaka mzima bila ya kushtakiwa. Mwaka wa 1982 kijiji kikajaribu tena na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, na mwezi wa Machi mwaka huo polisi wakaja wakalibomoa jukwaa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe, akaendeleza huko sanaa ya jukwaa ya wanavijiji mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka wa 2008. Mwenzake alifariki ughaibuni, Marekani, mwezi wa Mei 2025. Mchezo wenyewe uliigizwa tena Nairobi mwaka wa 2022, katika ukumbi wa taifa, kwa ruhusa na kwa tiketi. Tulimuuliza mzee kama alikwenda. Hakwenda. Alisema kwamba watu wa siku hizi wangeigiza vizuri zaidi, naye hakutaka kuyaona yakiwa vizuri zaidi.

Tulitembea kurudi chumbani gizani, kijana mbele akitumulika njia. Sisi tulikuwa tumezoea kuyaita maigizo upuuzi. Upuuzi, mmoja wetu alinong'ona, hauvunjwi kwa lori za polisi. Mwingine akajibu kwamba hilo si hoja ya kukosa mtihani.

Jumamosi tuliondoka mapema kwenda Thika, tukapita Juja na chuo chake cha kilimo na teknolojia. Kwa kuwa onyesho lilikuwa la alasiri, kijana alitushusha penye hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka wa 1908, ambapo mito ya Chania na Thika huteremka kwenye maporomoko yake pande mbili za bustani. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia na kelele zake zilitufanya tuzungumze kwa kupaza sauti kama watu wanaogombana, na pengine tulikuwa tunagombana. Mji huu Waingereza wengi huujua kwa kitabu kimoja cha Elspeth Huxley kilichotoka mwaka wa 1959, alichoeleza ndani yake utoto wake katika shamba la wazazi wake walowezi, na jina lake limebeba ile miti ya maua mekundu kama moto ambayo kwa Kiswahili ni kibobakasi. Reli ilifika hapa mwaka wa 1913. Leo mtu akisema Thika watu hufikiri viwanda na mananasi. Tulinunua mananasi mawili. Adhuhuri tuliswali mjini, katika msikiti uliojaa wafanyabiashara na madereva, kisha tukaenda shuleni.

Ukumbi ulikuwa wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani, na wanafunzi wa shule nne wamekaa sakafuni, vitabu mapajani. Kelele zao zilikuwa kama za soko la samaki wakati mashua zimeingia. Hapakuwa na pazia. Hapakuwa na kipaza sauti, maana umeme ulikatika dakika kumi kabla. Msusi wa Gatundu akaingia, akaketi, akashika kifua chake, na ukumbi mzima ukanyamaza. "Kulala" alilisema sawasawa.

Kisha akaingia mlevi. Wanafunzi walipiga mayowe ya furaha, na sisi, Mungu atusamehe, tulicheka pamoja nao. Alijikwaa kwenye kiti, chupa ikamponyoka ikabiringika, chai ikamwagika mpaka miguuni mwa wasichana wa safu ya mbele. Hilo halikuwamo kitabuni. Akalitazama dimbwi lile kwa huzuni kubwa, akasema "Ntakunywa nini mie sasa?" kwa Kimvita safi, na ukumbi ukapasuka. Pembeni tulimwona mwelekezi akijifunika uso.

Lakini baadaye yakaja makao fulani. Wengine walikuwa wakizungumzia hali ya mgonjwa, naye hakuwa na la kusema. Aliketi tu ukingoni mwa jukwaa, mgongo umepinda, kiganja cha kushoto juu ya goti, kidole kimoja kikigonga polepole. Mama yake akanishika mkono — naomba radhi, akatushika mkono sote tuliokuwa karibu. Yale yalikuwa makao ya babu yake. Mzee yule hakuonja tone la ulevi maishani mwake, lakini miaka yake miwili ya mwisho, maradhi yalipomlemea, alikaa hivyo barazani kila jioni, akigonga goti, asiseme neno. Kijana alikuwa na miaka tisa. Hatukujua kwamba alikuwa akitazama.

Onyesho lilipokwisha wasichana watatu walimzunguka. Hawakutaka picha. Walitaka kujua kama Yona ni wa kulaumiwa au wa kuhurumiwa, kwa sababu mwalimu wao amesema kwamba swali hilo laweza kutoka. Alijibu kwa kirefu, kwa hoja, akawataka waeleze wao kwanza. Uhasibu hajawahi kutueleza hivyo.

Hatukuafikiana usiku ule. Mmoja wetu alitaka aache mara moja mpaka ahitimu. Mwingine alisema kwamba akiachishwa atakuwa mhasibu mwenye kinyongo, na hao wapo wengi. Tulilofikia mwishoni ni dogo: ada ya kurudia mtihani ataitoa mwenyewe katika mgawo wake wa kikundi, sisi hatutatuma hata senti, na siku ya mtihani itaandikwa ukutani mwa ukumbi ule wa mabati, kwa wino mkubwa, ili wenzake nao waione. Yule mama wa maleba aliahidi kwamba ataisimamia. Tulimwamini yeye kuliko tulivyomwamini kijana.

Asubuhi ya Jumapili, kituoni, kabla ya matatu kuondoka, alituomba kitu. Baada ya mitihani ya kidato cha nne wanataka kuigiza mchezo wa kubuni wao wenyewe, naye atakuwa mzee. Je, tunaweza kumtumia bakora ya babu? Mama yake alisema kwamba tutaona.

Jirani yetu tutamwambia nini, hilo tulilizungumza hadi treni ilipokaribia Voi. Kisha tukanyamaza, tukaitazama Tsavo, jua likiwa upande wetu. Tulipopita Mariakani mama yake akasema kwamba bakora iko nyuma ya kabati, ila kile kipande cha mpira cha chini kilishapotea, na itabidi kesho tupite Marikiti kutafuta kingine.